Kwa kila mgonjwa mmoja wa tumbo aliyeandikwa, wangapi hawakuandikwa?

Takwimu nyingi za ugonjwa wa kuharisha tunazosomewa kwenye taarifa ya habari zimeanzia mahali pamoja, nako ni kwenye rejesta ya kituo cha afya. Mgonjwa amefika, mganga ameandika jina, umri na dalili, mwisho wa mwezi kurasa zimejumlishwa, na jumla hiyo imepanda kutoka zahanati hadi halmashauri, na kutoka halmashauri hadi wizarani. Kazi hiyo ni muhimu na wanaoifanya wanastahili heshima, maana pasipo rejesta mlipuko wa kipindupindu hugundulika umeshasambaa. Hata hivyo, rejesta hujibu swali moja tu: ni watu wangapi waliougua, wakaamua kwenda kituoni, wakafika, na wakaandikwa. Swali la wangapi waliougua ni jingine kabisa, na jibu lake halipatikani kwa kupekua rejesta, hata ikipekuliwa kwa makini ya namna gani.

Nchi iliyolifuatilia swali hilo la pili kwa kina ni Uingereza, nayo imefanya hivyo zaidi ya mara moja. Utafiti wa kwanza ulifanyika England katikati ya miaka ya 1990, kupitia vituo 70 vya madaktari wa familia. Wa pili ulienea Uingereza nzima, pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kuanzia Aprili 2008 hadi Agosti 2009, kupitia vituo 88. Badala ya kungoja wagonjwa waje, watafiti walichukua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha za watu waliosajiliwa kwa madaktari hao, wakawaomba wakubali kufuatiliwa, kisha wakawauliza kila wiki, kwa kadi ya posta au barua pepe, kama wameharisha au kutapika. Aliyejibu ndiyo aliombwa ajaze dodoso na atume sampuli ya choo. Katika utafiti wa pili, watu 6,836 walifuatiliwa kwa njia hiyo.

Matokeo yake huelezwa kwa kipimo ambacho wasomaji wengi hukiruka, ingawa ndicho kinachobeba maana yote: matukio kwa kila miaka-watu 1,000. Mtu mmoja akifuatiliwa kwa mwaka mzima amechangia mwaka-mtu mmoja. Wawili wakifuatiliwa kwa miezi sita kila mmoja, nao kwa pamoja wamechangia mmoja. Kipimo hiki kinamwezesha mtafiti kumhesabu kwa haki mshiriki aliyeacha kujibu baada ya miezi mitatu bila kumchukulia kana kwamba alikuwa mzima mwaka wote. Kwa hesabu hiyo, utafiti wa 2008 na 2009 ulipata matukio 274 kwa kila miaka-watu 1,000, yaani zaidi ya tukio moja kwa kila watu wanne katika mwaka, na kwa idadi ya watu wa Uingereza wakati ule jumla ilifikia takriban matukio milioni 17. Waliokwenda kumwona daktari walikuwa 17.7 tu kwa kila miaka-watu 1,000. Kwa maneno mengine, katika nchi ambako kumwona daktari wa familia hakulipiwi mlangoni, karibu wagonjwa 14 kati ya kila 15 hawakwenda.

Kabla ya kuishangaa idadi hiyo ni lazima kuuliza ni nani alihesabiwa kuwa mgonjwa. Watafiti wa Uingereza walimhesabu mtu aliyepata choo laini, au aliyetapika kiasi cha kumsumbua kweli, kwa muda usiozidi wiki mbili, pasipo sababu nyingine inayojulikana isiyo ya maambukizi. Kila sehemu ya kauli hiyo ina kazi yake. Mama mjamzito anayetapika asubuhi anawekwa kando, sawa na mtu aliyekunywa pombe kupita kiasi, na sawa na mwenye maradhi ya muda mrefu ya utumbo, kwa kuwa kinachotafutwa ni maambukizi. Kikomo cha wiki mbili kinawaondoa wale ambao tumbo lao limekuwa hivyo kwa miezi. Tena, ili tukio lihesabiwe kuwa jipya, mtu alipaswa awe amekaa wiki tatu bila dalili, la sivyo ugonjwa mmoja unaokuja na kuondoka ungehesabiwa mara mbili au tatu.

Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, husema kuharisha ni kupata choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida ya mtu huyo. Hapo kutapika pekee hakumo. Norovirusi, ambayo humfanya mtu atapike kwa ghafla na mara nyingi kumwacha ndani ya siku moja hadi tatu, itaonekana kubwa au ndogo kutegemea ni maana ipi iliyotumika. Tafiti mbili zenye maana tofauti za ugonjwa hazilinganishiki kwa kuweka namba zao ubavuni mwa nyingine, na ni jambo la kusikitisha kwamba ulinganisho wa namna hiyo hufanywa kila mara na watu ambao wangeweza kusoma ukurasa wa mbinu kwanza.

Sasa tuangalie wagonjwa wanapotea wapi njiani. Utafiti wa kwanza wa England ulifuatilia kila hatua: kwa kila mgonjwa mmoja aliyefika kwenye takwimu za taifa, vimelea vilikuwa vimetambuliwa maabara mara 1.4, sampuli za choo zilizopelekwa maabara zilikuwa 6.2, waliomwona daktari walikuwa 23, na walioumwa katika jamii walikuwa 136. Tukizisoma namba hizo kuanzia chini kwenda juu tunaona kwamba kupungua kwenyewe hakulingani. Kutoka jamii hadi kwa daktari idadi inashuka karibu mara sita. Kutoka kwa daktari hadi sampuli kupelekwa maabara inashuka tena karibu mara nne. Kutoka sampuli hadi jibu lenye kimelea inashuka zaidi ya mara nne. Hatua ya mwisho, ya maabara kutoa taarifa kwa taifa, ndiyo isiyopoteza watu wengi, na hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba dawa ya takwimu pungufu ni kuzihimiza maabara zijaze fomu.

Hatua ya daktari kutochukua sampuli inahitaji kuelezwa kwa haki. Mtu aliyeharisha tangu jana, asiye na damu kwenye choo wala homa kali, atatibiwa kwa njia ileile hata kimelea kikijulikana: anywe maji ya kutosha, apewe chumvichumvi za kurudishia maji mwilini, aangaliwe. Daktari anayeacha kuagiza kipimo kisichobadilisha matibabu amefanya uamuzi sahihi kwa mgonjwa wake. Uamuzi huo huo, ukirudiwa mara elfu, unaifanya nchi isijue ni nini kinachowaharisha watu wake. Tunachokiita upungufu wa takwimu, kwa sehemu kubwa, hakitokani na uzembe wa mtu yeyote.

Upotevu huo hauvigusi vimelea vyote kwa kiasi kimoja, na hapa ndipo picha inapopindika. Kwa salmonela, bakteria ambayo mara nyingi humlaza mtu kwa siku kadhaa akiwa na homa, utafiti wa kwanza ulipata wagonjwa 3.2 katika jamii kwa kila mmoja aliyeripotiwa. Kwa kampilobakta walikuwa 7.6. Kwa rotavirusi walikuwa 35. Kwa jamii ya virusi ambamo norovirusi imo, walikuwa 1,562. Katika utafiti wa pili, baada ya vipimo vya maabara kuboreka, uwiano wa norovirusi ulikuwa takriban 288 kwa mmoja, ambao bado ni mbali sana na ule wa salmonela, 4.7 kwa mmoja. Mtu anayesoma takwimu za taifa peke yake atadhani bakteria ndio wanaoongoza. Katika jamii mambo yalikuwa kinyume: norovirusi ilisababisha matukio 47 kwa kila miaka-watu 1,000, na kampilobakta, iliyoongoza miongoni mwa bakteria, 9.3.

Jambo lililonisadikisha zaidi kuhusu thamani ya tafiti hizi ni ulinganisho wa vipindi viwili. Kati ya miaka ya 1990 na 2009, kiwango cha ugonjwa katika jamii nchini England kilionekana kupanda kwa takriban asilimia 43, huku kiwango cha wagonjwa wanaokwenda kwa daktari kikishuka karibu nusu. Katika kipindi hicho, mwaka 1998, England ilikuwa imeanzisha huduma ya taifa ya kupiga simu na kushauriwa na muuguzi, na desturi za watu za kutafuta matibabu zilikuwa zimebadilika kwa njia nyingi. Ofisa ambaye angetazama rejesta za madaktari tu angeandika kwamba ugonjwa wa tumbo unatoweka, angepongezwa kwa hilo, na angekuwa amekosea hata mwelekeo wenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi gharama yote ya kadi za kila wiki, ikiwa mtu angeweza kupiga simu kwa watu elfu kadhaa na kuwauliza. Watafiti wa Uingereza walilipima hilo pia, kwa kuwapigia simu watu 14,813 katika kipindi kilekile. Baadhi, kwa bahati nasibu, waliulizwa kuhusu siku 7 zilizopita, na wengine kuhusu siku 28. Walioulizwa kuhusu siku 28 walitoa kiwango cha matukio 533 kwa kila miaka-watu 1,000. Walioulizwa kuhusu siku 7 walitoa 1,530. Ugonjwa ulikuwa uleule, nchi ileile, mwaka uleule. Kilichotofautiana ni swali, na jibu moja likawa karibu mara tatu ya jingine, yote mawili yakizidi sana zile 274 zilizotokana na ufuatiliaji wa kila wiki.

Hesabu ndogo inaonyesha kilichotokea. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo 1,530 ikigawanywa kwa 52 inatupa takriban watu 29 kati ya 1,000 waliosema waliumwa katika wiki iliyopita. Mwaka una vipindi 13 vya siku 28, kwa hiyo 533 ikigawanywa kwa 13 inatupa takriban watu 41 kati ya 1,000 waliosema waliumwa katika wiki nne. Kama ugonjwa ulikuja kwa mwendo uleule, na wiki moja ilikuwa na wagonjwa 29, wiki nne zingekuwa na zaidi ya 110. Zile wiki tatu za nyongeza zimeleta wagonjwa 12 tu. Wengine wamesahauliwa, maana kuharisha kwa siku moja si jambo ambalo mtu mzima hulihifadhi kichwani kwa mwezi. Upande wa pili nao una kosa lake: mtu aliyeumwa siku kumi zilizopita, akiulizwa kuhusu wiki iliyopita, huona aibu kusema hapana ilhali anakumbuka vizuri alivyoteseka, na tukio lake linavutwa kuingia ndani ya dirisha lisilo lake. Kila tukio lililovutwa hivyo, likishazidishwa kwa 52, linakuwa kubwa mno. Aliyekuwa akiulizwa kila wiki ana kinga dhidi ya kosa hilo, kwa sababu tukio la wiki iliyotangulia tayari limeandikwa na haliwezi kuandikwa tena.

Ufuatiliaji wa kila wiki nao una kasoro zake. Wengi wanaoalikwa hukataa, na wanaokubali huwa si sawa na wanaokataa, kwa umri, kwa nafasi, na pengine kwa kujali afya. Wanaokubali huchoka, na majibu ya mwezi wa kumi wa ufuatiliaji hayana uaminifu wa majibu ya mwezi wake wa kwanza. Watafiti husawazisha kwa umri na jinsia, lakini hawawezi kusawazisha kwa jambo ambalo hawakulipima. Pamoja na hayo yote, nikilazimika kuchagua namba moja ya kuamini kati ya hizo tatu, nitachukua 274.

Suala la kukumbuka linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu namba tunayoitegemea zaidi kuhusu kuharisha nje ya vituo vya afya hutokana na swali la kukumbuka. Katika tafiti za kitaifa za hali ya watu na afya, mama huulizwa kama mtoto wake wa chini ya miaka mitano aliharisha katika wiki mbili zilizopita. Utafiti wa Tanzania wa 2015-16 ulipata asilimia 12, na wa Kenya wa 2014 ulipata asilimia 15. Namba hizi zina thamani kubwa, kwani zinawafikia watoto ambao hawajawahi kupelekwa zahanati. Lakini ya Tanzania ilikusanywa kati ya Agosti 2015 na Februari 2016, na ya Kenya kati ya Mei na Oktoba 2014, na kila mzazi anajua kwamba matumbo ya watoto hubadilika na misimu ya mvua na ya maji haba. Tofauti ya asilimia 3 kati ya nchi hizo mbili inaweza kuwa ya kweli, inaweza pia kuwa tofauti ya kalenda. Wala asilimia 12 haiwezi kuzidishwa kwa 26 ili kupata matukio ya mwaka, kwa kuwa ndani yake wamo watoto ambao kuharisha kwao kulianza kabla ya wiki hizo mbili.

Kenya imelichunguza tatizo la kukumbuka kwa karibu. Huko Kibera, Nairobi, na Asembo, magharibi mwa nchi, wahudumu wa ufuatiliaji walikuwa wakizitembelea kaya zilezile mara kwa mara na kuuliza dalili za kila mtu siku kwa siku. Ilionekana kwamba taarifa zilipungua kadiri siku inayoulizwa ilivyokuwa mbali, ingawa hakuna sababu ya watu kuugua zaidi juzi kuliko wiki iliyopita. Mjumbe anayegonga hodi kila baada ya siku chache hugharimu fedha nyingi, na bado ndiye anayeleta jibu bora.

Kwenye maabara kuna ugumu wa aina nyingine. Katika utafiti wa pili wa Uingereza, kimelea kilipatikana katika takriban asilimia 40 tu ya sampuli za wagonjwa wa jamii. Vipimo vya kisasa vinavyotafuta chembe za urithi za vimelea hupata zaidi, lakini hupata zaidi kila mahali. Sampuli za utafiti wa kwanza, zilizokuwa zimehifadhiwa, zilipopimwa upya kwa njia hiyo, kimelea kilionekana katika karibu robo tatu ya wagonjwa, na pia katika takriban watu wanne kati ya kumi waliokuwa wazima. Kwa hiyo kukuta kimelea kwenye choo cha mtu anayeharisha hakuthibitishi kwamba ndicho kilichomharisha. Katika jamii zetu, ambako watoto hukutana na vimelea tangu wakiwa wachanga, shaka hiyo ni kubwa zaidi. Utafiti wa watoto uliofuatilia familia za Haydom, mkoani Manyara, pamoja na vituo vingine saba duniani, ulichukua choo cha watoto kila mwezi hata wakiwa wazima, na vimelea vilikuwa vingi katika sampuli za watoto wasioharisha.

Ndiyo maana kila utafiti makini huwa na kundi la wazima wa kulinganisha. Utafiti mkubwa wa magonjwa ya kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia kuanzia 2007 hadi 2011, eneo la Siaya nchini Kenya likiwa mojawapo, ulichukua watoto 9,439 wenye kuharisha kwa kiwango cha wastani hadi kikali na watoto 13,129 wasioharisha, wa umri na jinsia ileile na kutoka ujirani uleule, ndani ya siku 14. Kimelea kilihesabiwa kuwa chanzo kwa kadiri kilivyopatikana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima. Kwa njia hiyo orodha ndefu ya washukiwa ilipungua, na wanne wakajitokeza: rotavirusi, kriptosporidia (kiumbe cha seli moja), shigela (bakteria), na aina mojawapo ya bakteria wa ekolai inayotoa sumu. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka 2013, na Kenya mwaka 2014.

Utafiti huo ulifanya pia jambo ambalo rejesta haiwezi kulifanya: takriban siku 60 baadaye, watafiti walikwenda nyumbani kwa kila mtoto. Uwezekano wa kufariki katika muda huo ulikuwa mara 8.5 zaidi kwa mtoto aliyekuwa ameharisha kuliko mwenzake mzima, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea nje ya kituo cha afya, baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye rejesta, wengi wa watoto hao wangehesabiwa kuwa wametibiwa.

Ipo tamaa, baada ya kusoma haya, ya kuchukua ile namba ya Uingereza na kuzidisha. Tuseme zahanati imeandika wagonjwa 50 wa kuharisha kwa mwezi. Mtu anazidisha kwa 147, uwiano wa wagonjwa wa jamii kwa kila aliyeripotiwa uliopatikana katika utafiti wa pili, na kutangaza janga. Hesabu hiyo ni batili. Kwanza, 147 ni kwa kila mgonjwa aliyethibitishwa maabara na kuripotiwa kitaifa, wala si kwa kila aliyeandikwa na mganga. Pili, uwiano huo umejengwa na tabia za watu wa Uingereza: umbali wao hadi kwa daktari, ruhusa zao za kazini, na mazoea ya madaktari wao kuhusu sampuli. Kwetu, sehemu kubwa ya njia hiyo hupitia duka la dawa muhimu, ambako mama hueleza dalili dirishani, hupewa vidonge na pakiti ya chumvichumvi, na hurudi nyumbani bila jina lake kuandikwa popote. Uwiano wa Siaya ulitafutwa Siaya, kwa kwenda kaya kwa kaya na kuwauliza walezi, mtoto alipoharisha siku za karibuni, walimpeleka wapi kwanza. Halmashauri inayotaka kujua ukubwa wa ugonjwa kwa watu wake inaweza kuanza na swali hilohilo moja, kwa kaya mia kadhaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, likirudiwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi.